Kuanzia Mada, Kuanzia Kipimo au Kuanzia Tatizo: Njia Tatu za Kuisuka Upya Kozi ya Chuo

Mhadhiri anayepangiwa kozi wiki chache kabla ya muhula kufunguliwa kwa kawaida hukabidhiwa vitu viwili: muhtasari wa kozi uliokwisha kuidhinishwa, na slaidi za mwenzake aliyeifundisha mwaka uliotangulia. Akiwa navyo mkononi huona kwamba kozi imekwisha kupangwa na kilichobaki ni kuingia ukumbini. Hata hivyo muhtasari, hata ukiwa umeandikwa kwa uangalifu mkubwa, haumwambii aanze kupanga kutoka wapi. Anaweza kuanza na orodha ya mada akazigawa kwa wiki. Anaweza kuanza na kile atakachompima mwanafunzi mwishoni mwa muhula, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi wiki ya kwanza. Au anaweza kuanza na tatizo moja kubwa na kuziacha mada zije pale tatizo linapozidai. Njia hizi huzaa kozi tatu tofauti hata pale muhtasari unapokuwa ule ule, na nimeona niziweke sambamba kwa ajili ya wenzangu wa Dodoma na kanda ya kati, wanaofundisha madarasa makubwa na wasio na miaka ya kujaribu zote kabla ya kuchagua.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kozi ya misingi ya takwimu ya mwaka wa kwanza, yenye wanafunzi 300, wiki 15 za kufundisha na wasaidizi wawili wa semina. Nimeichagua kwa sababu mwanafunzi wa mipango, wa biashara, wa ualimu na wa afya wote huipitia kwa sura moja au nyingine, na kwa sababu ni kozi ninayoifahamu kwa kuifundisha.

Saa zisizoonekana kwenye ratiba

Kabla ya kulinganisha, ni lazima tujue kinachogawanywa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Kozi ya krediti 10 kwa hiyo inamdai mwanafunzi saa 100. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata takriban saa 6 na dakika 40 kwa wiki, na ukitoa mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1, zinabaki saa 3 na dakika 40 ambazo mwanafunzi yuko mbali na macho yako, bwenini, maktaba au chini ya mti. Zaidi ya nusu ya kozi iko huko. Ndiyo maana swali ninaloliuliza kila njia, kabla ya jingine lolote, ni hili: inazifanyia nini saa hizo?

Kuanzia mada

Hii ndiyo njia ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo. Mhadhiri huchukua kitabu cha kiada, huhesabu sura zake na kuzigawa: wiki ya 1 maana ya takwimu, wiki ya 2 aina za data, wiki ya 3 na ya 4 wastani na ndugu zake, na kuendelea hivyo hadi wiki ya 14 inapofika zamu ya upimaji wa nadharia tete, yaani kupima kama data inaunga mkono dai fulani au la. Ubora wa njia hii ni wa kweli na sipendi ubezwe. Mpangilio wake unafuata mantiki ya somo lenyewe. Mwenzako akiugua, unaweza kumshikia kozi siku ya pili yake. Mkaguzi wa ubora anaona mara moja kwamba kilichoandikwa kwenye muhtasari kimefundishwa, na mwanafunzi aliyekosa wiki nzima kwa homa anajua ni sura gani akaisome. Kwa mhadhiri mpya aliyepewa kozi tatu kwa mkupuo mmoja, sioni njia nyingine inayoweza kumfikisha darasani Jumatatu akiwa tayari.

Kasoro yake huonekana mwishoni. Mada zilizo ngumu na zenye manufaa zaidi mara nyingi ndizo za mwisho katika kitabu, na ndizo zinazoangukia wiki ambazo muda umekwisha kuliwa na usajili uliochelewa, sikukuu na majaribio. Miaka niliyopanga kozi kwa namna hii nilifika kwenye upimaji wa nadharia tete nikiwa na mhadhara mmoja tu uliobaki, nikaupitisha kwa haraka, kisha miaka miwili baadaye nikakutana na wanafunzi wale wale katika usimamizi wa tafiti zao za mwaka wa tatu. Mmoja wao, kijana mwenye bidii aliyekuwa amewahoji wafanyabiashara 60 katika mnada wa Msalato, aliniletea jedwali lililoonyesha kwamba wastani wa jinsia ya wahojiwa wake ni 1.45. Alikuwa ameandika 1 kwa mwanamume na 2 kwa mwanamke, akaiagiza kompyuta itafute wastani, nayo ikatii.

Kijana huyo alikuwa amefaulu kozi yangu vizuri. Aina za data tulizisoma wiki ya 2, zikaulizwa kwenye mtihani, naye akazitaja zote nne pamoja na sifa zake bila kukosea. Tatizo ni kwamba katika wiki 15 hapakuwa na mahali hata pamoja nilipomtaka achague hesabu inayoifaa data aliyo nayo. Nilikuwa nimefundisha mada, na mada alikuwa nayo. Na zile saa 3 na dakika 40 za kila wiki zilijazwa na yale ambayo wanafunzi wenyewe huyaita madesa, yaani maelezo na mitihani ya nyuma inayorithishwa kutoka darasa hadi darasa, kwa kuwa sikuwa nimewapa kitu kingine cha kuzijaza.

Kuanzia kipimo

Wazo la kupanga masomo kwa kutanguliza matokeo lina umri mkubwa. Ralph Tyler wa Marekani alikwisha kulieleza mwaka 1949, alipotaka mpangaji wa mtaala ajue kwanza anakusudia nini ndipo achague shughuli za kujifunza na namna ya kuzipima. John Biggs mwaka 1996 alisisitiza kwamba matokeo yanayokusudiwa, kazi anazofanya mwanafunzi na mtihani anaofanyiwa vinapaswa kuvuta upande mmoja, na miaka miwili baadaye Grant Wiggins na Jay McTighe wakalipa wazo hilo sura ya kupanga kwa kurudi nyuma. Hapa kwetu si jambo geni. Mitaala ya vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, imejengwa juu ya umahiri, na vyuo vikuu vya umma vimekuwa vikihuisha mitaala yao kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Kwa hiyo matokeo tarajiwa tayari yamo kwenye karatasi zetu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtihani unaofanana nayo: nimeona mihtasari inayoahidi kwamba mwanafunzi ataweza kuchambua na kutathmini, huku maswali yake yote ya mwisho wa muhula yakianza na “Taja” na “Fafanua”.

Kwa vitendo, njia hii inaanza kwa mhadhiri kukaa na kuandika swali kuu la mtihani kabla hajagusa slaidi hata moja. Kwa kozi yetu ya takwimu swali linaweza kuwa hivi: mwanafunzi anapewa jedwali la mvua ya kila mwezi ya Dodoma kwa miaka 30, anaambiwa kwamba mkulima wa Chamwino anataka kujua kama aongeze eneo la mahindi au abaki na mtama na uwele, na anatakiwa kumwandikia mapendekezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha hesabu alizozichagua, sababu ya kuzichagua na kiasi anachoweza kuzitegemea. Swali likishakuwepo, mhadhiri anajiuliza mwanafunzi awe anaweza kufanya nini wiki ya 12 ili alijibu, na ili afike hapo awe anaweza nini wiki ya 8, na wiki ya 4.

Hapo ndipo mpango unapoanza kubadilika wenyewe. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia takriban Desemba hadi Aprili, jumla yake kwa mwaka kwa kawaida iko chini kidogo ya milimita 600, na mara nyingi katikati ya msimu, hasa Februari, hutokea siku nyingi za ukavu ambazo mahindi hayazistahimili. Mkulima huyu hasaidiwi sana na wastani. Anachohitaji kukijua ni mtawanyiko, yaani miaka hupishana kiasi gani na mwaka mbaya ni mbaya kiasi gani. Mada ya mtawanyiko, niliyokuwa nikiipa wiki moja, ikapata tatu. Fomula za kupanga na kuteua, zilizokuwa na wiki nzima peke yake, zikabaki na nusu ya mhadhara. Sikufuta mada yoyote, na mhadhiri hana mamlaka ya kufuta kilichoidhinishwa; lakini muda na uzito wa kila mada viko mikononi mwake kwa kiasi kikubwa kuliko wengi tunavyodhani. Kupunguza mada unayoipenda ndiyo kazi chungu kuliko zote katika njia hii, na asiyekuwa tayari kuifanya afadhali asianze.

Saa za nje ya darasa nazo hupata kazi. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 jambo ambalo kila mpangaji wa kozi anapaswa kulijua: wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika 5 kuliko wale waliokisoma mara moja kisha wakajipima, lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakakumbuka takriban asilimia 56 na wenzao asilimia 42. Kwa sababu hiyo ninaweka jaribio fupi la maswali 10 kila wiki, lenye alama ndogo sana, ambalo swali lake moja au mawili yanatoka kwenye mada ya wiki tatu nyuma. Pale ambapo alama za maendeleo ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, majaribio yote haya kwa pamoja hayahitaji kuzidi alama 10 ili yafanye kazi yake.

Udhaifu wa njia hii ni mbili. Kwanza, kisichopimwa hufifia: ukitunga swali dhaifu, umepata kozi nzima dhaifu iliyopangwa kwa ustadi. Pili ni usahihishaji. Kurasa 300 za mapendekezo, kila moja ikichukua dakika 12, ni saa 60. Nimeupunguza mzigo huo kwa kuweka swali moja tu la namna hiyo kwa muhula, kuandika vigezo vinne vya alama kabla ya mtihani, na kukaa na wasaidizi wote wawili tukasahihisha karatasi 10 za kwanza kwa pamoja hadi alama zetu zikaribiane. Bado ni kazi nzito, na mkuu wa idara anapaswa kuihesabu anapogawa mzigo wa kufundisha.

Kuanzia tatizo

Njia ya tatu ilipata umaarufu katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1969. Pale wanafunzi walipewa mgonjwa wa kwenye karatasi kabla ya kufundishwa, wakakaa katika vikundi vidogo na mwezeshaji, wakaorodhesha wanachokijua na wasichokijua, kisha wakaenda kutafuta. Kwa kozi yetu maana yake ni kwamba swali la mkulima wa Chamwino linatolewa wiki ya 1 badala ya wiki ya 15, na wanafunzi wanalifikia somo la mtawanyiko kwa kuwa wamekwama bila hilo.

Nguvu yake kubwa ni sababu ya kujifunza, ambayo njia nyingine huichelewesha. Kuna jambo jingine nililoliona katika semina zetu na ambalo silioni likitajwa vya kutosha: wanafunzi wakiwa kwenye kikundi hujadiliana kwa Kiswahili, huvutana, hukosoana, ndipo huandika jibu kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyekaa kimya ukumbini muhula mzima unamsikia akimweleza mwenzake kwa nini wastani unamdanganya mkulima. Kozi iliyotenga muda wa mazungumzo hayo inampa nafasi ya kufikiri kabla ya kumdai lugha.

Lakini gharama yake ni kubwa. Vikundi vya watu 8 hadi 10 katika darasa la 300 ni vikundi 30 au zaidi. Waalimu watatu wakivigawana, kila mmoja ana vikundi visivyopungua 10 na saa 10 za kukutana navyo kila wiki, juu ya kozi zake nyingine. Niliijaribu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kufikia wiki ya 5 vikundi vingi vilikuwa na mtu mmoja anayefanya kazi na wengine tisa wanaoandikisha majina. Pia wanaoanza somo wana haki ya kuonyeshwa njia. John Sweller wa Australia, tangu miaka ya 1980, ameonyesha kwamba mwanafunzi mgeni hujifunza zaidi kwa kufuatilia mifano iliyokwisha kukokotolewa kuliko kwa kupambana peke yake na tatizo ambalo hana zana zake.

Nilipoipeleka njia hiyo hiyo kwa wanafunzi 34 wa mwaka wa tatu, matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Walikuwa na zana, walikuwa wachache, na tatizo lilikuwa umbali wa safari ya basi: wakulima wa zabibu wa Hombolo, zao ambalo hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na swali la kwa nini mavuno ya msimu mmoja huuzika kwa shida kuliko ya msimu mwingine. Ile ndiyo kozi ambayo wanafunzi wake hadi leo wakikutana nami mjini huizungumzia.

Mwenye darasa kubwa anayevutiwa na njia hii aangalie kwanza mpango wa Larry Michaelsen, aliyeubuni katika Chuo Kikuu cha Oklahoma mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya darasa lake kupanda kutoka wanafunzi 40 hadi 120. Vikundi vya watu 5 hadi 7 hubaki vile vile muhula mzima, kila mwanafunzi hufanya jaribio peke yake kisha kikundi hulirudia jaribio lile lile pamoja, halafu vikundi vyote hupewa tatizo moja na kutoa majibu kwa wakati mmoja. Mwalimu ni mmoja na ukumbi ni mmoja. Mwanachama asiyesoma hujulikana na wenzake ndani ya dakika chache, jambo ambalo mimi sikuweza kulifanya kwa vikundi vyangu 30.

Wanafunzi wataipokeaje

Scott Freeman na wenzake mwaka 2014 walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi, wakakuta kwamba wanaofeli katika madarasa ya mihadhara mitupu ni asilimia 33.8, na katika madarasa yanayomfanyisha mwanafunzi kazi ni asilimia 21.8. Tafiti hizo hazilinganishi njia zangu tatu, kwa hiyo zisitumiwe kudai kwamba tatizo linashinda kipimo. Zinachotuambia ni kwamba saa ya darasani inayomtaka mwanafunzi atende ina thamani katika mpango wowote. Hata kozi iliyoanzia mada inaweza kusimama kila dakika 20, ikatoa swali moja la kuchagua na kuwaacha walioketi jirani wajadiliane kabla ya kujibu tena, kama Eric Mazur alivyoanza kufanya katika fizikia pale Harvard mwaka 1991.

Hata hivyo usitarajie shukrani za haraka. Utafiti mwingine uliofanyika Harvard na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanafunzi waliosikiliza mhadhara laini walihisi wamejifunza zaidi, ilhali mtihani ulionyesha kwamba waliofanyishwa kazi ndio waliojifunza zaidi. Mimi nimelipata hilo katika fomu za tathmini za mwisho wa muhula: “Mwalimu anatuachia tujifundishe wenyewe.” Ninalolifanya sasa ni kutumia dakika 30 za mhadhara wa kwanza kuwaeleza kwa nini kozi imepangwa hivi, na kuwaonyesha swali la mwisho wa muhula wiki hiyo hiyo.

Ipi uichague

Ukikabidhiwa kozi wiki mbili kabla ya kuanza, anzia mada bila kuona haya, ila fanya mambo mawili: andika swali kuu la mtihani kabla ya wiki ya 1, na isogeze mada ngumu kuliko zote ifike wiki ya 8 badala ya ya 14. Ukiwa na darasa la wanafunzi 100 na zaidi na unaifundisha kozi kwa mara ya pili au ya tatu, anzia kipimo. Hapo ndipo ninaposimama mimi kwa kozi nyingi za vyuo vyetu, na kwa mkufunzi wa ngazi za NTA, yaani tuzo za elimu ya ufundi zilizo chini ya NACTVET, sioni sababu ya kwenda kwingine, kwa kuwa mtaala wake tayari umeandikwa kwa umahiri. Njia ya kuanzia tatizo ihifadhi kwa mwaka wa mwisho au shahada ya uzamili, kwa darasa lisilozidi wanafunzi 40, na kwa jambo ambalo wanaweza kulifuata kwa miguu au kwa basi.

Na usibadilishe kozi nzima kwa muhula mmoja. Nilianza na wiki 4 tu, za mtawanyiko, nikaziacha nyingine kama zilivyokuwa, kisha mwaka uliofuata nikaongeza. Katika mpango wa muhula ujao jaribio la wiki ya 3 ni jedwali la wahojiwa 60 wa mnadani, lenye safu ya jinsia, safu ya umri na safu ya mapato ya siku, na mwanafunzi anatakiwa aseme, kabla ya kugusa kikokotoo, ni safu ipi haina wastani.